Ribiti

Bibi Masuyo amegoma kupanda lifti.
"Lifti waliiweka mwishoni," asema,
"yeye alikwishaondoka."
Basi tunazishika ngazi za nje, Jumamosi ya Februari,
upepo ukipenya kwenye wavu na kutung'ata masikio.
Vidato mia sita. Magoti yake yana miaka themanini na tisa,
na mkoba wake hataki niubebe.

Tangu ulipojengwa, mnara huu wa Tokyo
umesimama dirishani kwake, juu ya kamba ya kuanikia nguo,
mwekundu na mweupe kama soksi ya mtoto,
naye hajaukanyaga hata siku moja.
Babu Eikichi ndiye aliyekataa.
"Nilipe kiingilio nikaitazame jasho langu?"
Akafa na ubishi wake, mwaka wa tatu huu.

Ninachokijua nimekijua kwa kuambiwa:
chini, jiko la makaa, ribiti zikiokwa
mpaka ziwake kama kiini cha yai.
Yasuji akizichomoa kwa koleo, akizirusha moja moja,
na juu, juu ya ubao wa shubiri mbili,
bila kamba kiunoni,
babu na mkebe wake
akidaka.
Tang!
Koleo, tundu, nyundo.
Chuma hupigwa kingali moto: kwao hiyo haikuwa methali,
ilikuwa kazi ya kutwa.
Tang!
Siku nzima dunia ikimtemea moto kutoka chini,
naye akiukinga kwa kopo la bati.

Bibi alikuwa mshonaji, chumba kimoja, Azabu.
Jioni aliacha cherehani akazitazama cheche.
Zikiruka, mume yupo.
Zikikoma, aliinjika maji ya chai
na kuhesabu nyayo za ngazini.

Chuma cha huko juu, wanasema, kilitoka vitani.
Vifaru vilivyokufa Korea, vikauzwa kwa uzito,
vikayeyushwa, vikanyooshwa vikawa mihimili.
Babu alidai vilikuwa vigumu kuliko vingine,
kana kwamba vilikuwa bado vinakataa kutobolewa.
Hakuongeza neno. Alichuma kwenye chuma hicho
mchele, mkaa wa majira ya baridi, na pete
ambayo bibi aliiuza mama alipougua.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Mjukuu je?
Mimi nauza miwani.

Kidato cha mia tatu na kumi, bibi anasimama.
Sidhani amechoka. Anafungua mkoba,
anatoa glavu, moja tu, ya mkono wa kushoto,
ina matundu meusi matano, anaivaa.
Anapapasa vichwa vya ribiti, mstari baada ya mstari,
kama mtu anayetafuta kifungo gizani.
"Wamezipaka rangi. Mara ngapi?"
"Kila baada ya miaka michache, bibi."
"Basi yuko ndani sana."

Watoto wanatupita mbio, wakihesabu kwa sauti.
Anapapasa. Anarudi nyuma kidato kimoja.
"Hii. Imepinda."
Namwambia ziko zaidi ya laki moja na nusu.
"Nimefua mashati yake miaka hamsini," asema.
"Najua anavyokosea."

Juu kabisa kuna kioo sakafuni, watu wanakiruka wakicheka.
Mlima Fuji leo umejificha, na wageni wanaulaumu ukungu.
Bibi hautafuti mlima.
Anapanguza dirisha kwa glavu, anasogeza paji la uso,
anapita paa, shule, kituo cha mafuta,
mpaka namwona amefika.
Ananyamaza kitambo, mimi nangoja neno kubwa.

"Taulo," asema.
"Nimeliacha nje, na mvua hiyo inakuja."